Mafuta ya Kiume Niliyojipaka Magomeni

Shemeji Zaituni, mzima wewe na ubishi wako? Mie huku Mtwara joto linanikaanga, lakini ujana uko palepale.

Unajua nimekuja kumposa yule mjane, Bi Somoe. Basi sokoni muuza mafuta mazuri ya kunukia kanipaka tone moja mkononi. "Mzee, haya ya kiume. Ukipita tu, watu wanageuka!" Nikanunua chupa, nikajipaka yote mpaka mgongoni, maana dume kama mimi tone moja linatosha wapi?

Kweli, wakageuka. Magomeni ya huku Mtwara nzima wananipisha njia, akina mama wanajitanda khanga kichwani, mzee mmoja kanishika mkono kanipa pole. Nikasema uzuri wangu umewazidi.

Bi Somoe kufungua mlango tu, kapiga yowe: "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, nimekuja kuposa."

"Na mafuta ya maiti? Marehemu mume wangu tulimpaka hayohayo siku ya kumzika! Nenda kaoge, ndo uje tuzungumze."

Nimejisugua mpaka ngozi inawasha, shemeji. Lakini umesikia? Kasema tuzungumze! Anza kulainisha koo la vigelegele, Mungu akutunze.

Shemeji yako, bwana harusi