Sauti ya Meza ya Nne

Jumatatu, 4 Machi

Leo tumeanza kupasua. Meza yetu ni ya nne, karibu na sinki. Harufu ya dawa ya kuhifadhia maiti imeniganda kooni, hata chai haina ladha. Aliyelala ni bibi mmoja, jina hatukupewa. Tulipoambiwa tumgeuze, kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze kumshika. Ndipo nikasema, kwa sauti ya kizee: "Polepole, mimi si gunia."

Kiwembe, mkataji wetu, alicheka mpaka akaweka kisu chini. Miwani, anayetusomea mwongozo, alifuta machozi. Woga ukatutoka. Nilijisikia vizuri sana.

Sauti ni ya Shangazi. Maneno pia ni yake.

Alhamisi, 7 Machi

Kila kipindi wanaitaka sauti. Meza ya tano nao wanakuja kusikiliza! Leo bibi kalalamika: "Magoti haya, nimeyakosea nini mimi?" Vicheko.

Mchana, historia ya tiba. Zamani huko Ulaya, profesa alikaa kiti cha juu akisoma kitabu, kinyozi akipasua maiti chini yake. Kitabu kikisema hivi na mwili ukionyesha vingine, waliamini kitabu. Halafu habari za wezi — makaburi ya maskini yakifukuliwa, miili ikiuzwa kwa walimu wa udaktari. Miwani akanong'ona kwamba bibi yetu angewatimua kwa fimbo. Nikaitoa sauti palepale, chinichini. Mwalimu hakusikia. Nina kipaji, jamani.

Jumamosi, 9 Machi

Nyumbani. Shangazi yuko kwenye cherehani yake ya miguu, ileile iliyonisomesha tangu Mama afariki, na iliyomla magoti. Nikamsimulia wale wezi wa makaburi. Akaacha kushona. Akaniuliza, je, siku hizi miili mnaitoa wapi? Nikamwambia wapo wanaojitoa wenyewe, wakiwa hai.

"Na mnawaheshimu?"

"Sana, Shangazi."

Jibu limetoka lenyewe, bila hata kukwama.

"Basi na mimi nitajitoa. Nikusomeshe wewe tu, wenzako nao wakasome wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 13 Machi

Goti. Kiwembe alifungua, mkufunzi akainama kutazama. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika lote. Mifupa imesagana mpaka inang'aa. Mkufunzi akasema huyu kila hatua ilimuuma, miaka na miaka. Akasema pia kwamba alijitoa kwa hiari yake, ili sisi tujifunze.

Kisha meza ya tano wakaita: bibi anasemaje leo?

Na mimi nikasema! Ya magoti. Huku goti lenyewe liko wazi mbele yangu. Sijui kwa nini. Walikuwa wananisubiri, basi. Wakacheka, na masikio yangu yakawaka moto. Mkufunzi alinitazama tu, akaenda meza nyingine. Afadhali angenifokea.

Nimelelewa vizuri mimi. Hilo ndilo linaloniuma.

Jioni Shangazi kapiga simu. Ijumaa anakuja chuoni kutia sahihi fomu ya kujitoa, na ndugu wa kumshuhudia ni mimi. Nilitaka kumwambia asije. Nikasema karibu.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika chooni. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Nilipanga kumpitisha mlango wa nyuma asikutane na mtu. Lakini Kiwembe na Miwani walikuwa ngazini. Shikamoo mama, karibu mama — adabu tele. Shangazi kavaa gauni jipya la buluu, kalishona kwa ajili ya leo. Kiwembe akamshika mkono ampandishe.

"Polepole, mwanangu. Mimi si gunia."

Miwani akacheka kabla hajajizuia. Kiwembe hakucheka. Alimtazama Shangazi, kisha mimi, kisha akatazama chini. Na Shangazi — kafurahi! Kadhani kawachangamsha. Akaongeza na ya magoti. Sauti yenyewe hasa, si yangu ya kuigiza. Hapo Miwani akavua miwani yake na kuanza kuifuta.

Nikasema naenda chooni mara moja. Nikawaacha naye.

Nawasikia. Wamemkalisha kwenye benchi hapo nje. Karani katoka, anamtaka shahidi. Shangazi anamwomba asubiri kidogo, mwanangu anakuja, huyu tumbo humsumbua akiwa na wasiwasi.

Ningetoka nimwambie asitie sahihi. Atauliza kwa nini. Nitamjibu nini, mbele ya wale?

Sasa anamuuliza Kiwembe kama ni yeye atakayemkata. Nasikia viatu vyake vikirudi nyuma hatua moja. Shangazi anamtuliza, taratibu, kama alivyokuwa akinituliza mimi nikiogopa sindano:

"Usiogope, mwanangu. Mimi siku hiyo sitasema kitu."

Karani anabisha hodi mlangoni.