Nilimuponya Yaya kwa Mudomo Tu

Alhamisi. Mvua imepiga tangu asubuhi, na kiwanja chetu cha mawe meusi kimejaa maji. Nimekaa na hii kaye yangu ya kuandikia ku meza ya jikoni. Roho yangu ni muzito, na sina mutu wa kulaumu isipokuwa mimi mwenyewe.

Nimemufanyia yaya yangu mubaya.

Yaya Mapendo ndiye dada yangu mukubwa. Baada ya kuzika mutoto wake wa mwisho kule Kibumba, aliacha kulima, akaacha kuoga, akawa anageukia ukuta tu. Shemeji, bwana yake, alimuleta kwangu hapa Goma juu ya kamyo iliyopakia mashu, makabichi ya soko. Nilimupeleka kwa munganga mumoja kijana aliyesoma Bulaya. Alisema huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, akatuazima sanduku lenye taa ndefu za neon, nyeupe, kali. Kila asubuhi yaya akae mbele yake nusu saa, macho wazi. Mwangaza unaingia ku macho, unafika ku ubongo, unauamsha. Alituambia kweli pia: dawa hii ni mupya, haisaidii kila mutu, na tusiikatishe bila yeye kujua.

Juma la tatu, yaya alionja maharagi akanifokea: "Ni nani alipika hii? Chumvi iliisha mu Zaire yote?" Weee! Nilitaka kucheza. Sikujua kama kutukanwa kunaweza kuwa kutamu hivyo.

Halafu bamama wa kikundi cha maombi walikuja. Mimi ndiye ninawaongoza. Waliona yaya anacheka, wakauliza nini kimemusaidia. Kwetu, ukisema mutu aliugua kichwa, ni kusema akili, ni nani atakuja tena kuposa mu hiyo nyumba? Na mimi niko na mabinti watatu. Nilijibu: "Ni maombi tu." Kuomba tuliomba, ndiyo. Lakini lile sanduku nilikuwa nimelifunika na kitenge mbele hawajaingia.

Wakasema basi, Siku ya Mungu atoe ushuhuda. Nilimuvalisha kitenge changu kipya. Alisimama mbele ya kanisa, akasema maneno matatu, akakaa. Vigelegele vilipigwa, na mimi nilipiga kupita wote.

Sasa, mutu ameisha kushukuru kwamba amepona, ataendelea namna gani na dawa? Nyumba yetu ni ya mbao, na ule mwangaza unatokea ku matundu mupaka barabarani. Kesho yake, Siku ya Kwanza, nililifunga sanduku na kamba, nikamurudishia munganga. Nilimuambia mugonjwa amepona.

Aliniuliza: "Ni yeye amesema, ao ni wewe?"

Nilikasirika. Nilimuona kama mutoto anayejivunia masomo. Akasema nimulete yaya amuone mwenyewe. Sikumupeleka.

Mwezi mumoja umepita. Yaya alikuwa anaamka, anafagia, anapika, anaenda kuimba na bamama. Nilijisifu kila mahali. Leo, ku shule ninapofundisha, masomo yalikatika sababu ya mvua, nikarudi mapema. Nilimukuta amekaa chini nyuma ya mulango, nywele wazi, chungu kinaungua ku moto na yeye hasikii harufu. Nikamufokea, Mungu anisamehe. "Yaya, lakini si ulipona!"

Hakuniangalia. "Ni wewe ulisema nimepona," akasema. "Miye niliogopa kukupatisha haya mbele ya bamama. Kila asubuhi najilazimisha. Leo nguvu imeisha."

Mwezi muzima. Alikuwa ananificha ugonjwa wake mu nyumba yangu mwenyewe, kwa ajili ya jina yangu.

Nilikimbia mu mvua kwa munganga, nikamueleza yote, hata ile ya kitenge juu ya sanduku. Hakunifokea, na hiyo iliniuma zaidi. Sanduku liko kwa mugonjwa mwingine, na hawezi kumunyanganya katikati. Alikuja na mimi nyumbani, akaongea na yaya peke yake, akamuandikia vidonge. Wakati tunangojea sanduku, alisema, atoke inje kila asubuhi, akae mu mwangaza wa kweli. Hata siku ya mawingu, mwangaza wa inje unashinda wa taa ya nyumbani.

Inje kwetu ni mbele ya barabara tu. Asubuhi bamama wote wanapita pale kwenda sokoni. Kwa ajili ya kesho nimeweka viti viwili karibu ya mulango, na nimejifunza la kuwaambia: yaya yangu ni mugonjwa, hii ni dawa yake, na siku ile mimi ndiye niliwadanganya.

Yaya aliviona vile viti. Akaniuliza pole pole: "Bamama wakifika, utabaki na miye?"

Nilimujibu ndiyo. Lakini nilichelewa kujibu, na yeye alisikia.