Tundu Lililohama

Jumanne, Sumbawanga. Upepo wa baridi tangu alfajiri. Nimejifunga kitenge juu ya sweta.

Jumamosi, kwenye mteremko wa kwenda Muze, lori langu lilipoteza hanga ya springi ya nyuma kushoto, chuma kinachoishikilia springi kwenye chesisi, yaani fremu ya gari. Bolti moja ilikatika, gari likavuta ukingoni, dereva akalizuia kwa kulibana ukutani mwa mlima. Lori lilikuwa tupu. Lingekuwa na mahindi, leo ningekuwa msibani.

Tangu biashara ya mahindi iachiwe kila mtu, nimepanda kutoka debe la ulezi hadi lori. Hakuna aliyenishika mkono.

Hanga ile aliifunga shemeji, mume wa mdogo wangu. Karakana ya serikali ilimpunguza kazini, akaanza ufundi nyuma ya nyumba. Mimi ndiye mteja wake wa kwanza.

Leo nimelala chini ya gari mwenyewe, nikaona alivyofanya shemeji. Alipaka grisi matundu ya chesisi upande wa kulia, akabandika kipande cha gunia kupata alama, akakihamishia kushoto. Huku kwetu kila kazi inafanywa na gunia. Lakini gunia linavutika. Tundu likatoka pembeni, akalipanua kwa moto wa gesi mpaka bolti ikaingia. Upana milimita kumi na nne, urefu kumi na nane.

Limekuwa yai, bolti ikacheza ndani mpaka ikakatika.

“Shemeji, tutie bolti ya kumi na nane, litanyamaza,” aliniambia, amechuchumaa kando ya gurudumu.

“Litanyamaza mpaka kona ya ngapi?”

“Wewe ungekuwa trafiki, tungehama mji.”

Nilicheka, na hasira bado ninayo. Anajua dawa yake: ajaze tundu kwa kulehemu, asage, apime kwa bati lisilovutika, atoboe upya. Drili hana. Parokiani ipo na wanaazimisha, ila anayeitunza alikuwa msaidizi wake kule karakana. Nilipoitaja, aliinama akatafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

Nilimwonea huruma. Kuomba kwa uliyemfundisha ni kazi.

Nikilipeleka lori kwingine, mji utajua kabla ya jioni, na hakuna atakayemletea hata baiskeli. Mdogo wangu atakula nini? Nikiliacha hivi, nitamtuma dereva mteremkoni na magunia themanini juu ya yai.

Shemeji, kesho saa nne asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Usinikaribishe chai kwanza. Drili utakwenda kuiazima, ndiyo au hapana?