Jino la Walii

Mbotela, 19 Mei 1986

Kwa Twalib, huko Tena,

Assalaam alaykum. Kwa masikitiko makubwa, na kwa idhini ya familia, natangaza kwamba gego langu la chini, upande wa kulia, limestaafu. Limeitumikia nyumba hii tangu enzi za senti yenye tundu. Sasa limeoza ndani, na kila nikifungua saumu tende inaingia humo kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Hapa sote wazima, ila hilo jino. Mama Muhiba anakusalimu. Hiyo salamu ni yake, si yangu. Wewe sijui hali yako, lakini dada yetu Lela anasema umenenepa.

Usidhani tumepatana. Tangu uliponisahihisha dua mbele ya wageni, siku ya arobaini ya marehemu baba, sikusemeshi. Hata sasa sikusemeshi, naandika tu. Dada yetu anasema mwaka jana uling'olewa jino na hukufa. Nataka jina la daktari, basi.

Nina haraka, maana binti yangu Muhiba anaolewa Jumapili ya tarehe ishirini na mbili mwezi ujao. Walii wake ni mimi. Nitakaa mbele ya watu wote wa Mbotela, nimshike mkono bwana harusi, niseme maneno ya kumuozesha kwa kinywa changu mwenyewe, herufi moja moja, bila mtu kuninong'oneza kutoka nyuma. Unaelewa nasema nani.

Jibu mpe Lela.

Kaka yako,
Abdurahim


Tena, 22 Mei 1986

Kaka Abdurahim,

Waalaykum salaam. Sisi huku wazima. Kweli nimenenepa, kwa sababu meno yangu yanafanya kazi.

Daktari anaitwa Nabiswa. Yuko Jogoo Road, ghorofani, juu ya fundi cherehani. Ni mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Kabla hajagusa chochote mwambie kwamba unameza dawa ya presha. Usijifanye simba. Mwambie pia kama huwa ukijikata damu inachelewa kukatika. Na aspirini unazozitafuna kama njugu, ziache, zinafanya damu iwe nyepesi.

Usiende umefunga. Ngoja Idi ipite. Ukishindwa, kula siku hiyo na uilipe baadaye, mgonjwa ameruhusiwa. Atakuchoma sindano, hutasikia maumivu, utasikia kuvutwa tu na mlio kama mlango wa kabati la marehemu bibi. Usiruke. Akimaliza atakupa pamba. Iume, uitulize hapo nusu saa nzima bila kuongea. Najua hapo ndipo patakuwa pagumu kwako.

Siku hiyo usitemeteme mate, usisukutue, usivute sigara, usinywe kahawa ya moto, wala usipeleke ulimi kwenda kukagua shimo. Damu ikiganda pale ndiyo kifuniko cha jeraha. Kesho yake ndipo uanze maji ya vuguvugu yenye chumvi, taratibu. Kula uji na vitu laini, tafunia upande wa pili.

Kuhusu harusi, hongera. Kadi sijaiona.

Mdogo wako,
Twalib


Mbotela, 27 Mei 1986

Twalib,

Salamu kama kawaida, na afya unaijua. Jino limetoka jana.

Nilikwenda asubuhi, nimefunga, kwa sababu mimi si mtu wa kula mchana wa Ramadhani kwa ajili ya mfupa. Huyo Nabiswa wako aliniuliza nimekula nini. Nikamwambia nimekula daku. Akasema, "Mzee, si urudi baada ya Idi?" Nikamwambia, "Daktari, ng'oa." Aling'oa. Kelele sikupiga, aliyepiga ni mama mmoja aliyekuwa akisubiri nje, sijui alisikia nini.

Sasa nisikilize, wewe mwalimu wa watu. Pamba yako niliitoa nilipofika ngazini. Pamba mdomoni huwekwa maiti, na mimi nina harusi. Halafu unaniambia nisiteme! Yaani nimeze damu, saumu ivunjike, na wewe ucheke huko Tena? Nilitema kutwa nzima, nina mkebe wa mafuta ya Kimbo hapa dukani chini ya kaunta, wateja wanadhani natafuna tambuu. Na kila sala nilisukutua sawasawa kwenye udhu, mara tatu tatu, na kwa nguvu, maana mdomo ulikuwa mchafu. Baada ya futari nikanywa kahawa yangu chungu, nikavuta na sigara.

Na leo siumwi hata kidogo. Masharti yako yote nimeyavunja, na angalia, niko hapa nauza sukari. Wewe ulichong'olewa mwaka jana si jino, ni moyo.

Kaka yako,
Abdurahim


Mbotela, 31 Mei 1986

Twalib,

Sina salamu.

Siku ya tatu baada ya kung'olewa ndipo yaliponianza. Siwezi kukueleza. Maumivu yanatoka shimoni, yanapanda sikioni, yanazunguka kichwani, yanarudi kukaa. Harufu ya mdomo wangu imemkimbiza paka. Silali. Muhiba anasimama mlangoni ananiangalia kama mtu anayehesabu siku.

Nimekaa nikafikiri, na nimeijua hila yako. Mimi nisipoweza kufungua kinywa, nani atakayekaa mbele kumuozesha binti? Ami yake. Nani ami yake? Wewe! Ndiyo maana ukanielekeza kwa yule mchinjaji. Angekuwa machinjioni Kiamaiko mbuzi wangemgomea. Na Lela, bila kujua anachosema, ameniambia umeshona kanzu mpya. Kanzu mpya ya nini, Twalib, na kadi hujapewa?

Jaribu kukaa kwenye mkeka wangu. Jaribu.

Abdurahim
(undugu nitauandika nikipona)


Tena, 2 Juni 1986

Kaka,

Waalaykum salaam hata kama hukutoa. Pole. Nasema kweli, pole. Halafu sasa niseme na mengine.

Shimo lako limekauka. Ile damu iliyoganda ndiyo iliyokuwa kifuniko, nawe umeitema kwenye mkebe wa Kimbo, ukasukutua mabaki yake mara tatu tatu, ukamalizia kwa moshi. Sasa mfupa uko wazi, unapigwa na upepo. Si kosa la Nabiswa. Alikwambia, nami nilikwambia.

Na najua nikisema hili tutanuniana miaka mingine miwili, lakini nitasema. Kusukutua kwenye udhu ni sunna, kaka. Si faradhi. Ungeacha siku moja na udhu wako ungetimia. Hilo tulisoma chuo cha Kurani pamoja, wewe ukiwa umekaa mbele yangu. Na damu ukishindwa kuizuia, ungefungua ukalipa siku moja. Siku moja! Umelipa ngapi sasa kwa maumivu?

Rudi kwa daktari leo, usingoje kesho. Ukiona homa, au uvimbe umeshuka shingoni, au kumeza kunakuwa taabu, usipitie hata dukani, nenda hospitali kubwa moja kwa moja. Hilo halina mzaha.

Kanzu ni ya Idi. Na si mpya, ni ile ya zamani, mke wangu ameigeuza kola. Mkeka wako siutaki. Nilichotaka ni kadi, ili nimwone mtoto niliyembeba mgongoni akiolewa. Basi, nimesema, sitasema tena.

Mdogo wako,
Twalib


Mbotela, 6 Juni 1986

Twalib,

Assalaam alaykum. Nyumbani hawajambo.

Nilirudi. Sikurudi kwa sababu yako, nilikuwa napita Jogoo Road. Yule bwana hakunicheka, na hilo liliniuma kuliko jino. Aliosha shimo, akachovya kitambaa chembamba kwenye dawa, akakisindilia ndani. Nikanusa. Twalib, ilikuwa karafuu! Karafuu ileile aliyokuwa akitubandika bibi, ileile ninayouza dukani kwa vijiko. Nikamwambia, "Daktari, hii si iko jikoni kwangu?" Akasema, "Mzee, ingekaa hukohuko kama pamba ingekaa mdomoni."

Jioni ile maumivu yalishuka. Nimelala. Asante sijasema, na usiisome mahali ambapo haipo.

Shida iliyobaki ni ulimi. Kitambaa kiko shimoni, taya limekakamaa, kila nikifanya mazoezi ya maneno ya ndoa herufi zinateleza. Jana nilimuozesha Muhiba kwa mto wa kitanda mara nyingi mpaka mama yake akahamia chumba cha pili. "Nimekuozesha" inatoka "nimekuojesha". Watu watacheka, na wa kwanza kucheka namjua.

Kadi zimekwisha, hazichapishwi tena. Mkeka lakini ni mrefu, na mlangoni hakuna askari.

Kaka yako,
Abdurahim


Mbotela, 24 Juni 1986

Mdogo wangu Twalib,

Assalaam alaykum. Kwanza afya: shimo linajaa nyama, kitambaa kimetoka, natafuna upande wa kushoto. Muhiba yuko kwake, na anakusalimu. Hiyo ni yake, na mimi nimeongezea kidogo.

Nilikuona. Ulikaa karibu na viatu, katika kanzu ya kola iliyogeuzwa, na niliona umeanza kuchezesha midomo pamoja nami hata kabla sijafungua kinywa. Najua utaandika, kwa hiyo naandika mimi kwanza ili usipate nafasi.

Uliona mwenyewe. Nimejinyoosha, nimemeza mate, nimenyoosha mkono kwa bwana harusi. Sheikh Abukar akanigeukia, akaniuliza, "Umenifanya wakili wako nimuozeshe binti yako?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akaushika mkono wa kijana yeye, akasema maneno yote yeye, watu wakaitikia, tende zikaanza kupita.

Jana nilimuuliza Lela kama sheikh alinihurumia kwa sababu ya taya. Alikuwa anaosha masufuria yangu. Akasema hapana, hata habari za jino sheikh hana. Akasema siku ya harusi yake yeye baba alitikisa kichwa vilevile, na mimi na wewe tulikuwa tumekaa pale pale. Nikamuuliza kwa nini mwezi mzima amebeba barua zetu bila kutuambia. Akasema hatukumuuliza.

Harusi zote za Mbotela sheikh ndiye anayesema.

Kaka yako,
Abdurahim