Baada ya Amina

Mpendwa mama,

Nakuandikia nikiwa barazani kwangu Kawajense, na moyo wangu ni mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu tukulaze kaburini kule Usevya. Habari niliyo nayo ni ya Zakaria, mwanao wa mwisho. Nitaifikia; nivumilie, unajua sijawahi kuwa mtu wa haraka.

Unakumbuka wafiwa walivyokuwa wakija kwetu baada ya matanga? Hukuwauliza kitu. Ulileta ungo wa mchele, ukakaa ubavuni mwao, mkaanza kutoa vijiwe. Siku moja mimi, katekista kijana, Biblia mpya kwapani, nilimwinamia jirani yetu aliyefiwa na mume ili nimsomee neno la faraja. Ukanigusa goti.

"Muache kwanza, baba. Achambue."

Ukanisogezea ungo nami nichambue, na wasichana wakacheka: "Jamani, katekista ameolewa!" Kabla mchele haujaisha, yule mama alikuwa akimzungumzia mumewe bila kuombwa, macho yake kwenye punje.

Nilikuelewa baadaye sana. Katika utumishi wangu niliwaombea wengi. Waliitikia Amina, kisha hawakuinuka. Walibaki wakinitazama, kana kwamba kuna kitu bado kimo ndani. Sikuwa na shaka na sala. Hata leo sina. Niliamini tu kwamba Mungu ananionyesha kazi iliyobaki. Ndiyo maana nilikwenda chuoni na mvi zangu kujifunza kutibu nafsi kwa mazungumzo. "Babu, umemleta mjukuu?" vijana wakaniuliza siku ya kwanza. Nikawajibu kwamba mjukuu ndiye mimi.

Nilipofungua chumba changu hapa Mpanda, mtu wa kwanza, mama mmoja wa Kashaulili, alifika na kuku mweusi, akidhani mimi ni mganga. "Mzee, nimfunge wapi?" Nikamwambia amrudishe nyumbani kuku wake akatage. Akacheka, akakaa, akalia. Chuoni nilifundishwa mengi mema, lakini viti vya kutazamana sikuviweza. Changu nimekigeuza upande, na mezani kuna ungo. "Nimekuja kutibiwa au kupika?" wageni huuliza. Kisha mikono huanza, na maneno hufuata.

Lakini Zakaria, mama. Tangu mto ulipomchukua binti yake Neema, siku aliyomtuma ng'ambo kufuata jembe, hakulitaja tena jina lile. Nawe uliponishika mkono hospitalini ulisema jambo moja tu: "Usimwache mdogo wako afe na hilo kifuani." Nikaahidi. Kumbe taaluma yetu haituruhusu kumtibu ndugu wa damu, kwa kuwa masikio ya kaka si masikio ya tabibu. Nikampeleka kwa mwenzangu, dada kijana mwenye subira. Alikwenda kiangazi chote. Aliyoyasema huko sikuuliza, wala sikupaswa kuyajua. Nilingoja tu, nikiogopa kwamba nimekuahidi nisichokiweza.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, alinikuta hapa barazani nikichambua mchele.

"Kaka, bado umeolewa tu?"

Akavuta kigoda, akakaa ubavuni pangu. Nikamsogezea ungo. Tulichambua hadi ungo ukafika nusu. Kisha akasema, akiziangalia punje: "Neema alikuwa anaiba mchele mbichi anatafuna. Bibi yake anajifanya haoni."

Niliendelea kuchambua, mama, kama ulivyonifundisha.

Alisema mengi, hata akafika mtoni.

"Nilimtuma mimi, kaka."

"Ndiyo, ulimtuma," nikamjibu, kwa sababu ni kweli.

"Sikujua maji yatakuja."

"Hukujua."

Alilia sana, na vidole vyake havikuacha kuchambua. Alipotulia nilimwuliza kama angependa tusali. Akaitikia kwa kichwa, na yeye mwenyewe, kabla yangu, akamtaja Neema mbele za Mungu. Mama, sikuwahi kusikia jina lile likitamkwa kwa sauti yake tangu tumzike mtoto. Mzigo ulionitwika hospitalini nilihisi ukishuka mabegani.

Tukasema Amina.

Akainuka. Akapangusa pumba magotini, akaubeba ungo kuelekea jikoni, akageuka mlangoni: "Njoo basi uwashe moto, kaka. Nina njaa."

Pumzika sasa, mama, mikononi mwa Bwana. Mdogo wangu amekula, akaomba aongezewe.

Kifungua mimba wako