Shangazi Alisema Ninasikia

Jumatano asubuhi. Bado hakujachangamka, lakini malori ya makampuni ya pamba yameshaanza kupita, na vumbi limejaa mpaka kwenye kibodi ya hapa kazini. Sina huzuni. Furaha pia sina.

Kwa mgeni wa blogu hii: taya langu la chini lilikuwa limetokeza mbele, meno hayakutani, kutafuna nyama ilikuwa vita. Nikafanyiwa upasuaji, likarudishwa nyuma. Kila mtu anasema nimependeza. Ila tangu siku ile mdomo wa chini na kidevu vina ganzi.

Jana daktari wa taya, ambaye huja kliniki yetu mara mojamoja, alinipima. Alisema nifumbe macho, atanigusa kwa pamba, nami niseme nikisikia.

"Anasikia, daktari," akajibu shangazi.

Kwetu mkubwa akikusindikiza, ndiye msemaji. Kazi ya mgonjwa ni kuugua. Tena mtu aliyekuhangaikia humvunji moyo kwa jibu baya. Daktari akagusa tena, shangazi akajibu tena. Daktari akasema vizuri sana, akaita mwingine.

Sikuwa nimesikia kitu. Mimi niliyekulia katikati ya pamba.

Ningemwaibishaje shangazi mbele ya watu? Hata kabla ya upasuaji ilikuwa hivyohivyo: daktari aliuliza kama tumeelewa, shangazi akaitikia, nami nikatikisa kichwa. Labda alitueleza habari za ganzi. Labda huisha, labda haiishi. Nikifikiria kuzeeka hivi, hata machozi hayaji.

Jioni nilikuwa nakunywa uji. Shangazi akanitazama, akaacha kuchambua dagaa, akanifuta kidevu kwa ncha ya kanga yake. Uji ulikuwa umeteremka mpaka shingoni.

"Mayu, mama yangu, kumbe husikii?"

"Sisikii, shangazi."

Alikuwa bado ameshika ncha ya kanga.

"Na mimi nimemwambia unasikia," akasema. "Kesho turudi kabla hajaondoka. Utaingia mwenyewe, mimi nitakaa kwenye benchi."

Sasa yuko hapa mlangoni, amevaa kanga zake za kutokea, ananisubiri nimalize kuandika. Njiani kuja hapa nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno yangu kimoyomoyo, nayo ni machache tu.

Daktari, sisikii. Je, nitasikia tena?