Feni ya Ghala Namba Tatu

Tucson, Arizona
17 Januari 1988

Mdogo wangu Arlys,

Nakusalimu kutoka huku kwenye jua lisilo na adabu. Mimi mzima, kifua kimetulia, miguu ndiyo inalalamika. Wewe hujambo? Shemeji Dwight naye? Na theluji ya Iowa, imeshawafikia madirishani?

Basi, mdahalo wa wanaowania kugombea urais kwa chama chetu niliutazama Ijumaa kama tulivyoahidiana nilipohamia kwa binti yangu: wewe sebuleni kwako, mimi sebuleni kwangu, kahawa pembeni na bahasha ya kuandikia alama. Miaka ishirini tumeitazama midahalo ya mchujo kochi moja, na juzi nikakosa mtu wa kunizomea. Gavana Pruett nimempa mbili kwa kumi. Mtu anasema "wakulima wetu" mara tisa, na vidole vyake laini kama vya mtoto mchanga! Najua wewe umempa sita, maana hujawahi kumnyima alama mwanamume mwenye tai nzuri.

Halafu ikawa zamu ya Seneta Corrine Aldous. Arlys, ulisikia? Aliulizwa kuhusu usalama kazini, akasema: "Mjini Halvor mtu aliungua ndani ya ghala la mahindi. Feni ya kutoa vumbi ilikuwa mbovu siku kumi na moja. Wafanyakazi waliripoti, hakuna aliyejali, na mwishowe lawama akatwishwa marehemu."

Hakutaja jina. Lakini Halvor ina marehemu mmoja tu wa namna hiyo, naye ni mume wangu.

Miaka miwili nimeishi nikiamini kwamba Leland aliizima ile feni ya juu ya mnara wa ghala namba tatu mwenyewe, kwa kuchoshwa na kelele zake, vumbi la mahindi likajaa na kulipuka, kama kampuni ilivyosema. Nimemkasirikia kaburini, Mungu anisamehe. Sasa huyu mama kazitoa wapi siku kumi na moja? Nani kamwambia? Wewe uko hapo hapo, na Dwight alikuwa zamu moja na Leland. Ulizia, uniandikie upesi. Naogopa kuamini, na naogopa kutoamini.

Dada yako,
Marvene


Halvor, Iowa
21 Januari 1988

Dada Marvene,

Salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili. Huku ni baridi ya kukata masikio, lakini tunapumua. Dwight anakusalimu. Anakohoa kidogo tu.

Mdahalo tuliutazama. Pruett nilimpa saba, si sita, haya cheka. Pai ya tufaha niliyooka kwa ajili ya jioni ile iliungua jikoni, nilisahau jiko kabisa. Mpaka leo nyumba inanuka.

Kuhusu aliyoyasema Seneta, sijui nikuambie nini. Wanasiasa wana maneno yao, wakati wa mchujo hata paka huahidiwa maziwa. Nakuomba jambo moja: usipige simu. Unajua laini yetu bado tunachangia nyumba nne, na mmoja anayependa kuinua na kusikiliza ni mke wa Roland Stavig. Jumatatu Stavig, kwa umeneja wake, aliwaita wanaume wote wa ghalani ofisini, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Swali lake ni moja: nani alizungumza na watu wa Aldous? Dwight alikaa humo dakika arobaini. Alirudi nyumbani, akavua buti, akazipakata mpaka chakula kikapoa.

Mji umenyamaza, dada. Jana niliingia dukani nikakuta wanawake wanaongea. Waliponiona wakaanza kujadili bei ya vitunguu.

Tafadhali, barua hii ichome.

Mdogo wako,
Arlys


Tucson
25 Januari 1988

Arlys,

Hujambo? Mimi sijambo. Nimeanza hivyo kwa sababu mama alinifunza adabu, si kwa sababu nina raha.

Umeniandikia kurasa mbili na swali langu hukuligusa. Nakujua tangu meno yako ya mbele yalipokuwa yanapishana. Wewe ukiogopa, unazungumzia pai. Barua sijaichoma. Nimeisoma mara sita, na kila mara naona shimo mahali pale pale.

Jirani zangu hapa niliwasimulia mkutano wetu wa mchujo wa tarehe nane Februari. Wao wamezoea kura ya siri, karatasi na pazia. Nikawaambia kwetu wanachama wa mtaa mzima hukusanyika ukumbini, kila mtu akaenda kusimama kwenye kona ya mgombea wake, mbele ya mchungaji, mwalimu na bosi, wakahesabiwa kama ng'ombe mnadani. Mmoja akauliza, "Na bosi wako akiwa kona nyingine je?" Nilicheka. Baadaye nikaona halichekeshi.

Nijibu kwa neno moja. Siku kumi na moja: ulijua?

Dada yako bado,
Marvene


Halvor
29 Januari 1988

Dada Marvene,

Leo siulizi hali yako, maana najua ni mimi niliyeiharibu.

Nilijua.

Dwight aliripoti feni ile siku ya kwanza, akarudia siku ya nne. Aliandika kwenye daftari la zamu. Baada ya mlipuko daftari halikuonekana tena, na mwanasheria wa kampuni akaja na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, kwamba Leland ndiye aliyeizima feni. Wanaume watano walitia saini. Dwight alikuwa wa tatu. Alikuwa amebakiza miaka minne kufikia pensheni, na nyumba hii tunayokaa ni ya kampuni. Alikuwa anasita, dada. Mimi ndiye niliyemwambia, "Tia saini. Leland hatakula nasi tena, sisi bado tunakula." Maneno hayo ni yangu mwenyewe. Halafu nikaja kwako na bakuli la tambi, nikakaa nawe siku zote za msiba, nikakusikia ukimlaumu maiti wako, na nikanyamaza.

Desemba watu wa Aldous walipita mkahawani. Dwight aliingia kunywa kahawa, akatoka baada ya saa mbili. Hakuniambia kitu mpaka siku ya mdahalo. Halvor ilipotajwa kwenye televisheni aliweka uma chini akasema, "Ni mimi." Ndipo pai ilipoungua.

Stavig hajajua, lakini ananusa. Yeye ndiye kiongozi wa kona ya Pruett hapa mtaani, na amewaambia wanaume kwamba atafurahi sana kuona nani atasimama na Aldous. Dwight alitaka kwenda kusimama. Jana amepangiwa zamu jioni hiyo hiyo, na mimi nimeshukuru kimoyomoyo. Naogopa kila gari linalopunguza mwendo mbele ya nyumba. Sanduku la barua naliogopa zaidi, likiwa tupu na likiwa na barua yako.

Sikuombi msamaha. Sistahili hata kuuomba.

Mdogo wako, kama bado unanitaka,
Arlys


Tucson
6 Februari 1988

Arlys,

Barua yako nimekaa nayo siku nne. Siku ya kwanza nilikusanya picha zako zote nikazitia kwenye mfuko wa takataka. Siku ya pili nikazitoa, na si kwa upendo, ni kwa sababu Leland yumo katika nyingi. Nilikutukana kwa sauti mpaka jirani akaja kugonga kuuliza kama mimi ni mzima. Mzee wa watu nilimlaani kaburini miaka miwili, na wewe ulikuwa hapo unanimiminia kahawa!

Sijakusamehe. Usijidanganye.

Lakini jana nilikuwa naosha vyombo, nikauona ule ukumbi wa shule. Nikaiona kona ya Aldous na vijitu vyake vichache, na Stavig amesimama na kalamu. Niliogopa mpaka nikasahau mikono yangu majini. Hao ni watu waliomwacha mume wangu apande ghala lililojaa vumbi kwa siku kumi na moja. Watamwonea huruma Dwight? Kwa hiyo nisikilize. Usiende mkutanoni. Na ukienda, simama na Pruett, tabasamu, mpe Stavig mkono, urudi nyumbani. Leland amesafishwa jina lake mbele ya nchi nzima, na mimi inanitosha. Dwight anyamaze, abaki hai. Udugu huu mjane mmoja anautosha.

Mwambie shemeji ni amri ya mkubwa wake.

Dada yako,
Marvene


Halvor
10 Februari 1988

Dada yangu Marvene,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote. Kifua kinaendeleaje? Barua yako imefika leo Jumatano, saa tano asubuhi. Mkutano ulikuwa juzi Jumatatu.

Kimya chako nilikisoma nilivyoweza. Nilijua umeniacha, na sikukulaumu. Niliogopa kubaki nyumbani, maana kutokwenda nako Stavig angekuona, basi nikavaa koti la kanisani nikaenda peke yangu. Na bila kuisoma barua yako nilifanya hayo hayo uliyoniamuru. Nilisimama na Pruett. Stavig akanipa mkono: "Karibu, Bi. Tjaden! Dwight ana bahati ya mke." Akaandika jina langu. Nikatabasamu, dada, mpaka mashavu yakauma.

Tukahesabiwa. Watu mia na kumi na wanane. Kona isiyofikisha watu kumi na wanane inavunjwa, watu wake wanatafuta pa kwenda. Aldous alipata kumi na saba.

Tulipewa nusu saa ya kushawishiana. Wa upande wetu wakaanza kuwaita kwa kejeli: "Njooni huku kwenye joto!" "Msione haya, kahawa ipo!" Bi. Rasmussen, yule aliyetufundisha hesabu sote, alikuwa kona ya Aldous na fimbo yake. Akaipiga sakafuni mara mbili. "Mmoja tu, jamani! Mji mzima huu, hakuna mmoja zaidi aliyemjua Leland Kloster?"

Watu wakatazama viatu vyao. Na mimi vyangu nilivitazama.

Usije ukaniita jasiri. Nilikuwa nawaza nyumba, pensheni, Dwight. Lakini jina la Leland lilikuwa limetajwa ukumbini na hakuna aliyeliitikia, na mimi ndiye niliyekula chumvi yake miaka thelathini. Nikaanza kutembea. Nyuma yangu nilimsikia mtu akisema kwa sauti ya chini, "Arlys, mama, rudi." Nilipofika kwa Bi. Rasmussen alinishika kiwiko, akanishikilia hivyo mpaka mwisho, na nadhani alijua kwamba akiniachia nitaanguka. Stavig hakufoka. Alilikata jina langu kwa mstari mmoja, taratibu, huku akinitazama.

Tukawa kumi na wanane. Kona haikuvunjwa.

Jana asubuhi alimwita Dwight. Mimi nilikuwa nimeshafunga masanduku mawili. Hakufukuzwa, dada. Laiti angefukuzwa! Stavig alimkaribisha kiti, akamwambia kwa upole kwamba wanahitaji mtu mwenye uzoefu wa kusimamia juu ya ghala namba tatu, zamu ya peke yake, kuanzia leo. Dwight amekubali. Anasema akikataa atakuwa amejifukuza mwenyewe, na atakuwa amewaachia waseme aliondoka kwa aibu. Nimemsihi, nimelia, nimemsomea kifungu cha Biblia. Ameniambia, "Nilitia saini kwa woga wako na wangu, Arlys. Safari hii niache."

Anasema feni inazunguka. Ndiyo, leo inazunguka.

Amepanda saa moja asubuhi. Nakuandikia jikoni, na kutoka hapa ghala lote naliona, mpaka kile kimlango cha juu. Redio nimeizima ili nisikie. Sijui nasikiliza nini. Kila lori likitikisa barabara nasimama, halafu nakaa tena.

Sikuombi urudi, wala unisamehe. Nakuomba kitu ambacho hakuna mwingine duniani awezaye kunipa. Asubuhi ile ya Leland, kabla hujasikia kishindo, ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unafua? Ulikuwa unamenya viazi? Ulikuwa umekaa au umesimama, ulikuwa unawaza nini juu yake? Niandikie yote, hata yaliyo madogo, ili mimi leo nisiyafanye.

Mdogo wako,
Arlys